Heshima ya Mchanga

Funga mlango kwanza, ndipo ukae. Si kwamba kuna siri. Nchi hii inayosimuliwa haina siri hata moja. Kila jambo hutangazwa kwa kipaza sauti, furaha kwa kipaza sauti, msiba kwa kipaza sauti. Jina lake tu ndilo halitatajwa, na sababu ni ndogo: mara ya mwisho lilipoulizwa, lilikuwa kwenye kamati likirekebishwa.

Katikati ya mji mkuu wa nchi hiyo palikuwa na uwanja wa gofu. Gofu, kwa asiyejua, ni mchezo wa kupiga kijimpira cheupe kwa fimbo mpaka kitumbukie kwenye kishimo chenye kibendera. Atumbukizaye kwa mapigo machache ndiye bingwa. Ni hivyo tu, wala mchezo wenyewe hauna ubaya wowote. Waliouleta ni wageni waliotawala zamani. Walifyeka mashamba ya mihogo ya watu, wakachimba vishimo kumi na vinane, wakapanda nyasi, wakazunguka nyuma ya mipira yao miaka hamsini, kisha wakapanda meli wakaenda zao. Siku waliyoondoka, bendera yao ilichomwa moto. Uwanja ukatangazwa kuwa Urithi wa Taifa. Mihogo haikutajwa tena.

Hapo uwanjani ndipo alipofanya kazi Namsifu, ambaye watu walimwita Mama Eliwaza kwa jina la binti yake wa pekee. Kazi yake ilikuwa mchanga. Kwenye uwanja wa gofu huwekwa mashimo mapana yaliyojazwa mchanga ili kumtesa mchezaji, huitwa mabanka. Mpira ukiingia humo, mchezaji huingia nao, akachimba, akatukana, akatoka. Nyuma yake lazima aje mtu na reki afute nyayo, mchanga ulale laini kana kwamba hapajawahi kutokea kitu. Mtu huyo alikuwa Mama Eliwaza. Alimaliza darasa la saba siku ya Ijumaa, Jumatatu akakabidhiwa reki, na tangu hapo ilikuwa imepita miaka thelathini na mitatu akifuta.

*

Mkuu wa Kwanza wa nchi hiyo alikuwa mzito wa mwili na mwepesi wa hasira. Mpira wake haukufika mbali. Basi akateuliwa Mchoraji Mkuu wa Uwanja, mhandisi mmoja hodari, akaambiwa atengeneze hali. Mhandisi akavileta vishimo vyote kumi na vinane vikakaa mahali padogo kama uwanja wa netiboli, Mkuu akawa anasimama katikati anageuka tu kama mtu anayemwagilia bustani. Magazeti yakaandika kwamba taifa limeruka hatua. Mwaka wa pili Mkuu akalenga kishimo cha nne, mpira ukaingia cha tisa. Vilikuwa vimekaribiana mno. Mhandisi akapewa heshima.

Hiyo heshima ilikuwa hivi. Mchoraji alitangazwa kwenda mapumziko marefu. Baada ya siku tatu lori lilikuja na mchanga, banka jipya likachimbwa, na pembeni yake kikasimamishwa kibao cha shaba: BANKA LA MHANDISI FULANI. ALITUMIKIA. Familia ilialikwa, ikapewa soda, ikapiga picha, ikaenda nyumbani.

Mkuu wa Pili alikuwa wa mkono wa kushoto. Uwanja mzima ukageuzwa, kulia kukawa kushoto, na mto uliopita upande wa mashariki ukahamishiwa magharibi. Wakulima wa mpunga wa huko chini waliamka wakakuta samaki wanarukaruka kwenye matope. Walipokwenda kulalamika waliambiwa mto haujahama. Wao ndio walikuwa wakiishi upande usio sahihi. Mashuleni nako ikaja amri. Mama Eliwaza alikuwa darasa la nne wakati huo, mwalimu akamfunga mkono wa kulia kwa kipande cha khanga akamwambia, "Andika kwa huo mwingine, nchi inasonga mbele." Tangu hapo herufi zake zililala kinyumenyume. Wachoraji wa enzi hiyo walikuwa wanne, na wote walipata heshima.

Kisha akaja Mkuu wa Tatu, huyu wa sasa, na yeye Mungu alimjalia nguvu. Alikuwa akipiga mpira unalia hewani kama nyuki. Tatizo, ingawa hakuna aliyesema ni tatizo, mpira ulikwenda utakako. Ndipo ikatungwa Sheria Namba Moja: *Mpira wa Mkuu hautoki nje ya uwanja.* Ukivuka uzio, maana yake uzio uliwekwa mahali pasipostahili. Kamati ya Mipaka inakuja na ndoo ya chokaa, inachora mstari mpya nyuma ya mpira ulipolala, na kila kilicho ndani ya mstari ni uwanja.

Hivyo ndivyo soko la ndizi lilivyoingia uwanjani. Ikaingia zahanati, na wagonjwa wakatolewa na dripu zao mkononi. Yakaingia nusu ya makaburi ya zamani. Nusu nyingine ikaingia Alhamisi. Siku moja mpira ulipasua chungu cha maharage cha mjane mmoja wa Mtaa wa Washonaji. Karani wa Kamati akafika na cheti kilichowekwa fremu.

"Hongera, mama. Nyumba yako imeingia uwanjani."

"Mwanangu, mimi gofu sichezi."

"Ndiyo maana unahama."

Watu walipiga makofi. Ilikuwa desturi kupiga makofi mpira unapoanguka, na asiyepiga aliulizwa mikono yake ina nini.

*

Katika enzi ya Mkuu wa Tatu wachoraji walikuja kwa kasi. Mmoja alipanua vishimo vikawa kama visima, ng'ombe wakatumbukia. Mmoja alipanda miti ya mpira ili mpira upate ndugu wa kuuita. Mmoja, profesa kabisa, aliondoa vishimo vyote akisema kishimo ni fikra za kikoloni, lakini Mkuu alitaka kusikia ule mlio, *kotoo*, mpira unapotumbukia. Wote walipewa heshima. Mabanka yenye vibao vya shaba yakafika kumi na moja.

Na Mama Eliwaza alikuwa akiyasawazisha yote kumi na moja, kila asubuhi, kabla umande haujakauka. Mtu ukishika mchanga miaka thelathini na mitatu, mchanga unaanza kukusemesha. Aliona mambo mawili ambayo hakuyasema hata kwa shoga yake Mama Onesmo, mkata nyasi.

La kwanza, mabanka ya wageni wa zamani yalikuwa mapana, ya duara, yamekaa ovyo kama madimbwi. Lakini yale ya heshima yalikuwa membamba. Urefu wake ulikuwa wa mtu na ziada kidogo.

La pili, kila banka la heshima, mvua za kwanza zikinyesha, lilititia katikati. Si kingo, ni katikati tu. Bwana Mtunguja, Mkurugenzi wa Nyasi na Itifaki, alikuwa akija mwenyewe na toroli mbili za mchanga, anaangalia zikimwagwa, anaondoka bila kusalimia.

"Udongo wa hapa una tabia ya kukaa," aliwahi kueleza, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Mama Eliwaza aliitikia, "Ndiyo, mzee," akaendelea na reki. Lakini tangu siku hiyo akawa kila anapokifikia kibao, anapunguza mwendo, na midomo yake inacheza kama anayesali.

*

Sasa, huyu mama alikuwa na mtoto. Eliwaza alichora kabla hajatamka vizuri. Alichora kwa mkaa sakafuni, kwa kijiti vumbini, kwa uji mezani. Mama yake aliposhtuka, binti ameshamaliza chuo cha ardhi na ramani, amekuwa wa kwanza nchi nzima, na picha yake imetoka gazetini ameshika rula kama mkuki. Majirani walileta kuku. Mama aliipokea ile furaha kwa mikono miwili, halafu usingizi ukamruka.

"Una nini wewe?" Mama Onesmo alimwuliza. "Mtoto kafaulu, unakonda!"

"Sina kitu."

"Basi cheka kidogo, shoga. Watu wanatazama."

Siku ya kumi na tano yakaja magari sita yenye vimulimuli, na tarumbeta juu ya la mwisho. Bwana Mtunguja akashuka, akakunjua karatasi ndefu, akaisoma mbele ya mtaa mzima: kwa kutambua kipaji, uzalendo, na kadhalika, na kadhalika, Ndugu Eliwaza ameteuliwa kuwa Mchoraji Mkuu wa Uwanja, wa kumi na mbili.

Vigelegele vikapasuka. Mama Eliwaza alikuwa anapepeta mchele. Ungo ulimtoka mikononi, mchele wote ukaenda kwa kuku, na yeye akakaa chini palepale, si kwenye kigoda, chini.

"Furaha imemzidi!" akasema jirani mmoja, na vigelegele vikaongezwa.

*

Kesho yake asubuhi alivaa gauni la kanisani, akaenda ofisini kwa Bwana Mtunguja. Alikuwa amejiandaa njia nzima.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, Mama Mchoraji! Karibu, karibu. Siku hizi nikuite mheshimiwa."

"Mzee, nimekuja kwa unyenyekevu. Huyu mtoto bado mdogo. Kifua chake kibovu. Tunaomba hiyo nafasi apewe mwingine."

Bwana Mtunguja alitabasamu kwa upana, akavuta droo. "Kukataa kunaruhusiwa kabisa. Hii ni nchi ya hiari. Fomu hii hapa. Unajaza jina, sababu, halafu inasainiwa na Mchoraji aliyetangulia."

"Aliyetangulia yuko wapi?"

"Yuko kwenye heshima."

"Basi naomba aitwe mara moja tu, asaini, arudi."

Bwana Mtunguja akacheka, kile kicheko cha mtu aliyejisahau. "Ah, mama! Aitwe vipi, na wewe ndiye unayemsawazisha kila asubuhi?"

Feni ilikuwa inazunguka. Ilizunguka sana. Bwana Mtunguja akaipanga kalamu yake sambamba na ukingo wa meza, akaipanga tena.

"Banka lake," akasema. "Namaanisha unasawazisha banka lake."

"Ndiyo, mzee."

"Ni namna ya kusema tu."

"Nimeelewa, mzee."

Akaikunja ile fomu mara nne, akaitia kifuani, akatoka. Mlangoni askari akampigia saluti, kwa kuwa alikuwa mama wa mheshimiwa.

*

Jumapili, baada ya ibada, alijifungia jikoni na binti yake.

Eliwaza alikuja na ramani yake chini ya kwapa, macho yanang'aa. "Mama, ngoja nikuonyeshe! Naurudisha mto kwao. Uzio naurudisha ulipokuwa. Soko linarudi, zahanati inarudi. Uwanja unabaki na vishimo kumi na vinane, kama ulivyochorwa mwanzo, mzuri mno, mama, wale watu walijua kusoma ardhi!"

"Kaa."

"Mkuu mwenyewe kasema anataka mawazo mapya."

"Eliwaza, kaa chini."

Akakaa juu ya gunia la mkaa. Mama akamweleza yote, ya mabanka membamba, ya kutitia katikati, ya fomu na feni. Binti alisikiliza huku akitikisa kichwa kama mtu anayefukuza nzi.

"Mama, wale walihamishiwa mikoani. Familia zao zinapata barua. Mke wa profesa alinionyesha."

"Na mimi alinionyesha. Na mke wa mhandisi wa miti alinionyesha yake. Zote zina mwandiko mmoja, mwanangu. Hata lile kosa la kuandika 'nimesarimika' ni lilelile."

Nje jirani alikuwa anatwanga.

"Sasa nifanye nini?" Eliwaza akauliza, na sauti yake ilikuwa imerudi ya mtoto.

Mama alikuwa amelifikiria hilo wiki nzima, akalifikiria kwa akili ya mtu aliyejua kumi na mmoja walivyoanguka. Kwa hesabu yake wote walikuwa na kosa moja: mpira wa Mkuu haukuingia. Basi uingizwe. Akateremsha karai la kuogea, akachukua ndimu kapuni.

"Tupa humu. Popote."

Eliwaza akatupa. Ndimu ikagonga ukingo, ikazunguka, ikatulia katikati.

"Tupa tena. Tupa vibaya."

Akatupa vibaya. Ikatulia katikati.

"Miaka thelathini na mitatu nafuta alama za mipira ya wakubwa," mama akasema. "Nafahamu mpira wake kuliko anavyoufahamu yeye. Hauna dawa. Dawa iko kwenye ardhi. Fanya uwanja wote uwe karai, na kishimo kiwe kimoja, katikati. Apige atakavyo. Utarudi mwenyewe."

Binti akaitazama ile ndimu. Kisha akacheka, kicheko cha kwanza tangu aingie, akamkumbatia mama yake. "Darasa la saba la zamani lilikuwa chuo kikuu," akasema.

Na mama akacheka. Msikilizaji, hapo ndipo pa kumwonea huruma. Alikuwa amejitahidi kwa akili yake yote.

*

Miezi minane mashine zilinguruma. Mji mkuu wote ukainamishwa, kidogo kidogo, kuelekea kishimo kimoja. Watu wakazoea. Vitanda viliwekewa matofali upande mmoja. Mlevi yeyote aliyelala njiani aliokotwa asubuhi karibu na kibendera. Muuza mayai alihamia nchi jirani.

Siku ya uzinduzi viliwekwa viti vya kitambaa chekundu, vikafungwa kwa kamba visiteleze. Mama Eliwaza alisimama na wafanyakazi wenzake kwenye ukingo, reki mkononi. Binti yake alikuwa jukwaani, suti ya bluu, ramani iliyotiwa fremu imewekwa mbele yake. Alikuwa anatafuta uso wa mama yake kwenye umati, akauona, akainua kidole gumba kidogo sana chini ya meza.

Mkuu akapiga. Mpira ulilia kama nyuki, ukachepuka, ukaenda kabisa upande wa vyoo. Mpira ukapanda ukingo, ukasimama, ukafikiri, ukageuka. Ukaanza kuteremka. Ukapita viti vya mabalozi, ukapita bendi, ukazunguka kibendera mara tatu, *kotoo*.

Pigo moja!

Taifa lililia. Bendi ilipiga wimbo wa taifa mara nne. Maaskofu na masheikh walikumbatiana. Mkuu, machozi yakimtiririka, alimwinua Eliwaza mkono mbele ya watu akasema kwa kipaza sauti, "Miaka yote hii nilikuwa na kipaji hiki, ni ardhi ndiyo iliyokuwa ikinihujumu!"

Mama Eliwaza alivuta pumzi. Ilikuwa kama hajapata kuvuta pumzi nyingine tangu siku ya ungo.

"Umeona?" Mama Onesmo alimpiga kumbo. "Na ulivyokuwa umekonda bure!"

Halafu, kwa adabu tu, balozi wa nchi jirani akaombwa apige. Alikuwa mzee, hajawahi kushika fimbo ya gofu. Mpira ulijikwaa, ukabingirika, ukaingia.

Kotoo.

"Bahati ya mgeni," Mkuu akasema, akacheka. Wote wakacheka. "Wewe, Waziri wa Mifugo, hebu piga na wewe."

Waziri wa Mifugo alielewa upesi kinachotakiwa. Akageukia upande, akapiga kuelekea maegesho ya magari kwa nguvu zake zote. Mpira ukagonga gari la zimamoto, ukarudi, ukateremka polepole. Waziri aliufuata akikimbia, akiupungia mikono kama anayefukuza mbuzi kwenye shamba. "Toka! Toka huko!" Ukaingia.

Jaji Mkuu akapiga kinyumenyume, kupitia miguuni. Ukaingia. Mkuu wa Majeshi akapiga ardhi tu, makusudi, vumbi likatimka. Mpira ukatikisika kwa mshindo, ukaanza safari wenyewe, ukaingia. Waziri wa Afya akasema anaumwa bega, akauweka mpira wake chini taratibu ili apumzike. Ukaondoka.

Kotoo. Kotoo. Kotoo. Hakuna aliyepiga makofi sasa. Mawaziri walikuwa wamekumbatia mipira yao vifuani kama watoto wachanga, jasho linawatoka.

Na katika kimya hicho, kwenye ukingo wa juu, mama mmoja muuza maandazi alipiga chafya. Andazi moja likamdondoka kutoka kwenye sinia. Lilikuwa la duara, limeumuka vizuri. Likashuka mteremko wote mbele ya macho ya taifa, likapita bendi, likazunguka kibendera mara tatu.

Mkuu alitazama kile kishimo.

"Kwa hiyo," akasema, na hakuhitaji kipaza sauti, "nimelingana na andazi."

*

Bwana Mtunguja alikuwa ameshageuka kumtazama dereva wa lori. Lilikuwa limeegeshwa nyuma ya jengo, limejaa. Mama Eliwaza akaliona na turubai lake. Akaelewa kwamba lilikuwa limejazwa tangu asubuhi, kabla mpira wowote haujapigwa. Kwamba lingejazwa hata kama siku ingeishia kwenye kotoo la kwanza. Aliyeshindwa alipewa heshima kwa kushindwa. Aliyeweza angepewa ili asije akamchorea mwingine. Miaka thelathini na mitatu ya kusoma mchanga, na hilo lilimpita.

"Nani," Mkuu akauliza, "amewafanya watu wote wawe sawa na mimi?"

Jukwaani Eliwaza alikuwa anainuka. Alikuwa mtoto aliyelelewa kusema kweli, ndiyo shida yake.

"Mimi!" mama akapaza sauti kutoka ukingoni. Akaanza kuteremka. Mteremko ulimharakisha, akafika chini mbio bila kupenda, reki mkononi. "Mkuu, shikamoo. Nimechora mimi. Huyo binti hajui kitu."

"Mama!" Eliwaza akasema.

"Nyamaza!" Hakuwahi kumtukana mwanawe tangu amzae, na maneno yalitoka yakikwaruza. "Mpumbavu we! Shule yenyewe uliponea chupuchupu, leo unataka kuniibia kazi yangu? Ulichora nini wewe? Nilikupa karai na ndimu nikakufundisha kama mtoto mchanga, na bado ulikuwa huelewi!"

Mkuu alimtazama juu mpaka chini, gauni la kazi, viatu vya mpira. "Wewe ni mfuta mchanga."

"Ndiyo, Mkuu. Na ndiyo maana najua." Hapo sauti yake ikatulia, kwa kuwa sasa alikuwa anasema kweli. "Mpira wako unaanza vizuri. Ukifika hatua arobaini unachepuka kulia, kila siku, hatua arobaini. Unainua kichwa kabla hujapiga. Unataka kuona umefika wapi kabla haujaondoka."

Viti vyekundu vyote viliinamisha nyuso.

"Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo," Mkuu akasema, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

"Walioweza kukuambia uliwapa heshima."

Hapo hakuna aliyekuwa na shaka tena. Mtu mwenye ujuzi wa hatari kiasi hicho lazima ndiye mchoraji.

Mwanasheria wa Taifa akasimama, akashika kipaza sauti, akasoma uamuzi ambao aliutunga akiwa anausoma. Kwamba Ndugu Eliwaza ni mjinga wa kiwango cha juu. Kwamba hana kipaji, hana elimu, hajawahi kuwa na elimu, na matokeo yake yote yanafutwa. Kwamba hakuna atakayempa kazi inayohitaji akili katika nchi hii mpaka afe kifo cha kawaida.

Mama yake alisikiliza kila neno ameinamisha kichwa upande, kama mzazi kwenye mahafali. Lilipofika lile la kifo cha kawaida, midomo yake ilitikisika, akaiziba kwa kiganja.

Askari wawili wakamsukuma Eliwaza kuelekea getini. Alikuwa anapiga kelele kwamba ni uongo, ni yeye, ni yeye! Askari mmoja akamwambia, si kwa ukali, "Dada, tumesikia kwamba wewe ni mjinga, sasa usitie bidii." Mama alimfuata kwa macho hadi akavuka mstari wa chokaa, hadi geti likafungwa, hadi kelele ikawa ya mbali, kisha ikawa ya mtaani tu, kama kelele nyingine.

Bwana Mtunguja akasogea na futi ya kupimia, akakohoa. "Samahani, mama. Ni utaratibu."

"Mchanga gani huo?" akamwuliza.

"Wa... wa machimboni."

"Una kokoto huo. Leteni wa mtoni. Atakayekuja kusawazisha ataumia mgongo."

Akamwangalia Mama Onesmo kule ukingoni, aliyekuwa amejiziba mdomo kwa khanga, akamnyanyulia reki ili aje aichukue. Mama Onesmo hakuweza kusogea.

*

Wiki iliyofuata tangazo la kazi lilibandikwa getini. Anahitajika msawazisha mchanga, mwanamke, mtulivu, aliyemaliza darasa la saba, asiye mdadisi, na asiwe na mtoto anayejua kuchora.

Kazi hazikuwa nyingi nchini. Foleni ilizunguka ukuta wote. Na asubuhi hiyo, mitaa yote ya mji ule ulioinama, akina mama walionekana wamechuchumaa milangoni, watoto wanalia pembeni, wao wanavunja penseli moja moja.